Mahamali wa Ulingo

Katika mji wa Malindi, juu ya rasi iingiayo baharini upande wa kusini, imesimama nguzo yenye msalaba wa jiwe, na wageni wapelekwao kuitazama huambiwa kuwa ni alama ya Vasco da Gama, nahodha wa Kireno aliyetia nanga hapa mwezi wa Aprili mwaka 1498, akapokewa na mfalme wa Malindi kwa hidaya na taadhima baada ya kukutana na uadui Mombasa. Jina la nahodha lingali linatajwa kila siku. Jina la mtu aliyemvusha bahari halitajwi, kwa sababu halijulikani. Mfalme wa Malindi alimpa rubani, mtu wa Gujarati kwa riwaya ya waandishi wa Kireno, na rubani huyo akazitoa merikebu bandarini tarehe 24 Aprili, akazipeleka kwa pepo za kusi zilizokuwa zikianza kuvuma, na baada ya siku 23 mabaharia wakaiona nchi ya Bara Hindi mbele yao. Katika kurudi mambo yalikuwa mengine. Nahodha hakuwa na subira ya kungoja kaskazi, akaidharau elimu ya msimu ambayo kila rubani wa pwani hii alikuwa nayo, akang'oa nanga tarehe 5 Oktoba. Na maji yale yale aliyoyavuka kwa wiki tatu na siku mbili yakamshika miezi mitatu kasoro siku tatu, watu wapatao 30 wakafa kwa kiseyeye, na wenye nguvu ya kushika kamba hawakuzidi saba au wanane katika kila chombo.

Rubani yule waandishi walimtaja kwa neno Malemo, ambalo si jina bali ni cheo, maalim, kama walivyoitwa wajuzi wote wa njia za bahari. Baadaye wakatokea waliodai kuwa alikuwa Ahmad ibn Majid wa Oman, bingwa wa elimu ya bahari katika zama zake, walakini wanazuoni wa leo wameitupa riwaya hiyo. Na hata kosa lenyewe lina maana yake, kwani watu walipotaka kumpa jina mtu asiye na jina, walikwenda kuliazima kwa bingwa.

Nimeanza kwa bahari, ilhali nia yangu ni kusimulia habari za ulingo, kwa kuwa sisi watu wa pwani hulifahamu jambo upesi zaidi likipita kwanza majini. Habari ninayoitaka ni ya wale mabondia wa uzito wa juu, na wenzao wa madaraja mengine, ambao hawakuvaa mkanda wala hawakutazamiwa kuuvaa, walioitwa ulingoni ili mwingine apate kushinda, na ambao bila wao asingekuwako bingwa hata mmoja ulimwenguni. Waingereza huwaita kwa neno la kale la mafundi, neno la mtu aliyehitimu kazi lakini hana karakana yake, akawa anazunguka katika karakana za wenziwe na kulipwa kwa siku. Mimi nitawaita mahamali. Malindi ilipofufuliwa katika karne ya 19 chini ya masultani wa Zanzibar, ikawa nchi ya mtama na ufuta, magunia yalishuka ufuoni kwa mabega ya watu hata yakaingia majahazini. Na wengi wa watu hao, tusifiche, walikuwa watumwa. Sifa ya biashara ikaenda kwa tajiri na kwa nahodha. Hamali hakuhesabiwa kwa jina, alihesabiwa kwa magunia.

Hamali wa ulingo naye huhesabiwa hivyo hivyo, kwa idadi ya mapambano. Aghalabu huitwa siku chache kabla, pengine kwa sababu aliyekusudiwa ameumia au ameogopa. Husafiri kwenda mji wa mpinzani wake, mbele ya watu wa mpinzani, chini ya mwamuzi wa nchi ya mpinzani, na kijana anayepandishwa na promota humkabili akiwa hajashindwa hata mara moja. Kazi aliyopewa ni kumfunza kijana yule bila kumvunja. Humwonyesha jinsi mtu anavyokumbatiwa asiweze kurusha konde, jinsi bega linavyotumika mahali ambapo refa haoni, jinsi ya kupumua katika raundi ya sita wakati miguu imekwisha kuwa mizito. Na yeye mwenyewe hujilinda kuliko mtu yeyote aliye ulingoni, si kwa woga bali kwa hesabu ya riziki, maana huko Uingereza bondia aliyesimamishwa kwa kupigwa huzuiwa kupanda tena kwa siku zisizopungua 28, na siku 28 bila ujira ni nyingi kwa mwenye watoto. Kushindwa kwa pointi ni siku ya kazi iliyokwisha salama. Mtazamaji hupiga mbinja, akidhani amedhulumiwa, ilhali ameonyeshwa ufundi ambao hakufundishwa kuutazama.

Tena uzito wa juu una shida yake ya peke yake. Madaraja mengine yote yana dari. Hili lina sakafu tu, ambayo kwa mabondia wa kulipwa wa leo aghalabu ni ratili 200, yaani karibu kilo 91, na juu ya hapo mtu na apime atakavyopima. Watu wa kimo hicho wenye kujua ngumi ni haba kila mahali, na kwetu ni haba zaidi. Medali zote 7 za ndondi ambazo Kenya imezipata katika michezo ya Olimpiki, tangu shaba ya Philip Waruinge ya mwaka 1968 hata dhahabu ya Robert Wangila na shaba ya Chris Sande huko Seoul mwaka 1988, hakuna hata moja iliyopita uzito wa kati. Basi bondia mkubwa wa Afrika Mashariki hukosa hata mtu wa kufanya naye mazoezi. Akitaka kujifunza, sharti asafiri, na akisafiri, aghalabu hupokewa kama hamali.

Ndondi za kizungu ziliingia katika nchi zetu kwa mlango wa askari. Katika King's African Rifles, na baadaye katika polisi na magereza, afisa aliyekuwa amefunzwa mchezo huo shuleni kwao aliuona kuwa njia nzuri ya kuwatia vijana adabu na kuwapima ujasiri, na kwa njia hiyo Idi Amin, aliyeingia jeshini mwaka 1946, akahesabiwa bingwa wa Uganda wa uzito wa juu mwepesi tangu mwaka 1951 hata 1960. Habari za mtu huyo zimeandikwa vitabu na vitabu, na kila kitabu hakikosi kutaja miaka yake 9 ya ubingwa kana kwamba ngumi zake ndizo zilizotabiri ukatili wake. Lakini miaka 9 ya ubingwa ni miaka 9 ya watu waliopigwa. Walikuwa makuruta, makoplo, makarani, watu waliopanda wakijua watakutana na jitu; nami sijapata kuona kitabu kimoja kinachowataja.

Mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Uganda ilitwaa dhahabu ya uzito wa juu kwa mikono ya Benson Masanda, na huo ulikuwa utukufu uliostahili kuimbwa. Katika ulingo huo huo Mtanzania Titus Simba alifika fainali ya uzito wa kati, akashindwa na kijana wa Liverpool aitwaye John Conteh, ambaye miaka minne baadaye akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu mwepesi. Watanzania, kwa insafu yao, hawakumsahau Simba, kwa kuwa fedha yake ilikuwa hazina kwa taifa changa. Waingereza humkumbuka Conteh, na Simba kwao ni mstari mmoja katika daftari la ushindi wa Conteh. Mtu mmoja, pambano moja, na katika nchi mbili ana vimo viwili.

Sasa natua Kinshasa, kwa kuwa hapo ndipo hamali mmoja alipoigeuza tarikh ya uzito wa juu kwa kiwiko cha mkono. Ilikuwa mwaka 1974. Rais Mobutu wa Zaire alikuwa ameahidi dola milioni 5 kwa kila bondia ili George Foreman, bingwa aliyekuwa akiwaangusha watu kama migomba, apambane na Muhammad Ali katika ardhi ya Afrika tarehe 25 Septemba. Tarehe 16 ya mwezi huo Foreman alikuwa mazoezini na mwenza wake aitwaye Bill McMurray, bondia wa kulipwa ambaye hakuwahi kuukaribia mkanda wa dunia na ambaye kazi yake pale ilikuwa kupigwa na bingwa kwa ujira. McMurray aliinua mikono kujikinga, kama afanyavyo kila mtu mwenye akili mbele ya Foreman. Kiwiko kikampasua bingwa juu ya jicho la kulia, damu ikatoka, na pambano lililokuwa likingojewa na dunia nzima likaahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba. Wanamuziki waliokuwa wameletwa kwa ajili ya sherehe wakapiga muziki wao mwezi Septemba bila mabondia. Foreman akabaki Zaire akichoka na kununa, hawezi kupigana mazoezini kwa kuuhofia mpasuko ule, wakati Ali alikuwa akikimbia barabarani alfajiri na kufanya urafiki na watoto waliomwimbia. Siendi umbali wa kusema kuwa Ali asingalishinda mwezi Septemba. Nasema tu kwamba bingwa aliyepanda mwezi Oktoba hakuwa tena na ukali wa yule wa Septemba, na aliyeuondoa ukali ule hakulipwa zaidi kwa jambo hilo, naona walimkasirikia.

Na ule ujanja wa Ali wa kujiegemeza kwenye kamba, akamwacha Foreman apige mbavu na mikono hata nguvu zikamwishia, akaangushwa katika raundi ya nane, haukuzaliwa usiku ule. Kabla ya hapo, katika kambi yake ya Deer Lake, Pennsylvania, Ali alikuwa na ada ya kuegemea kamba na kuwaamuru wenza wake wa mazoezi wampige wapendavyo, ili mwili wake uzoee. Mamia ya raundi hizo hazikuandikwa na jaji yeyote. Mmoja wa vijana waliolipwa kumpiga alikuwa Larry Holmes, ambaye watu walimwona kuwa kivuli cha bwana wake. Tarehe 2 Oktoba 1980 kivuli kikampiga bwana wake huko Las Vegas hata kocha akakataa kumwachia arudi ulingoni, na Holmes mwenyewe akalia baada ya ushindi wake.

Wengine nitawapita upesi. Chuck Wepner, muuza pombe wa New Jersey, alimkabili Ali tarehe 24 Machi 1975, akamwangusha katika raundi ya tisa, na alisimamishwa zikiwa zimebaki sekunde 19 tu za raundi ya 15. Usiku ule ukazaa sinema ya Rocky, na sinema ikavuna tuzo. Ross Puritty wa Marekani alikwenda Kyiv mwezi Desemba 1998 akiwa na vipigo 13 katika hesabu yake, akakutana na Wladimir Klitschko aliyekuwa ameshinda mara 24 bila kushindwa, mbele ya watu wa kwao. Akavumilia, akavumilia, hata kijana akaishiwa pumzi, na katika raundi ya 11 watu wa kona yake wakaingia kumwokoa. Klitschko alikuja kutawala uzito wa juu kwa miaka mingi, na sina shaka kuwa usiku ule alijifunza kwa hamali jambo ambalo ushindi 24 haukuweza kumfunza: kupima pumzi.

Kwetu Afrika Mashariki mtu wa kumtazama ni Peter Okhello. Alikuwa Mganda aliyehamia Japani, nchi ambayo mabondia wake wengi ni wa madaraja madogo, na kwa hiyo mtu wa kimo chake alikuwa kama ngamia katika zizi la mbuzi. Akatwaa ubingwa wa uzito wa juu wa Mashariki na Pasifiki, taji ambalo magazeti ya Marekani hayakulitilia maanani. Tarehe 10 Desemba 2006 akaitwa Moscow kupigania mkanda wa Baraza la Ndondi la Dunia dhidi ya Oleg Maskaev. Huyo Maskaev, mzaliwa wa Kazakhstan, naye alikuwa hamali aliyepanda cheo: kabla ya usiku ule alikuwa amekwisha kushindwa mara 5, na mara zote 5 kwa kusimamishwa au kuangushwa, hata wengi walimwona kuwa mtu aliyekwisha, mpaka alipompiga Hasim Rahman katika raundi ya 12 mwezi Agosti. Basi wale wawili waliosimama chini ya taa za Moscow walikuwa watu wa karakana za wengine, mmoja amepata mkanda kwa uvumilivu, mwingine ameitwa kwa kuwa alidhaniwa hatasumbua. Wachambuzi walilikejeli pambano lenyewe hata kabla halijapigwa. Okhello alisimama raundi zote 12, akashindwa kwa hukumu ya majaji wote, akarudi zake.

Mimi silioni kuwa jambo dogo. Katika mwaka ambao mikanda ya uzito wa juu ulimwenguni ilikuwa minne tu, mwana wa Uganda alikuwa mmoja wa watu waliosimama mbele ya wenye mikanda hiyo, raundi 12 nzima. Na lau angalikuwa mkimbiaji aliyemaliza wa pili katika mbio za dunia, angepokewa uwanja wa ndege kwa ngoma. Ndondi zina udhalimu huu, kwamba hazina nafasi ya pili. Miaka 15 baadaye, katika Olimpiki ya Tokyo, askari polisi wa Kenya Elly Ajowi aliingia katika uzito wa juu, akakutanishwa na Mcuba Julio César La Cruz. Akashindwa, na La Cruz akaendelea hata akaivaa dhahabu. Huko nyumbani wakasema Ajowi ameondolewa mapema. Hakuna aliyesema ameondolewa na nani.

Nitoke kidogo katika uzito wa juu, kwa kuwa tukio lililo karibu zaidi na pwani yetu ni la mtu mwepesi. Mji wa Birmingham, Uingereza, ulikuwa makao ya Peter Buckley, hamali wa mahamali, aliyepigana mara 300 tangu mwaka 1989 hata 2008, akashinda mara 32, akatoka sare mara 12, na akashindwa mara 256, akiwa amewafunza kazi vijana ambao baadaye walikuwa mabingwa wa dunia, Naseem Hamed mmoja wao. Na pambano lake la 300, katika mji huo huo wa kwao, alilishinda. Miaka 10 baadaye, tarehe 8 Septemba 2018, katika mji huo wa Buckley, aliletwa Hassan Mwakinyo, kijana wa Tanga, bandari iliyo mbele ukimaliza Vanga na kuvuka mpaka. Mpinzani wake alikuwa Sam Eggington, aliyekuwa amepata kuwa bingwa wa Uingereza na wa Ulaya, mwana wa mitaa iliyo karibu na pale. Lilikuwa pambano la utangulizi usiku ambao watu walikuja kumtazama Amir Khan, na Mtanga yule hakuna aliyemjua. Kila kitu kilikuwa kimepangwa kama kipangwavyo kwa hamali: safari ndefu, ulingo wa mwenyeji, jina ambalo mtangazaji hawezi kulitamka. Katika raundi ya pili Mwakinyo alimmiminia Eggington makonde hata refa akaingia kati. Aliporudi nyumbani alikuwa mtu maarufu, na jina lake Waingereza wamekwisha kujifunza kulitamka.

Tunaofurahia usiku ule tunapaswa kukiri kitu kimoja. Mwakinyo tulimpenda kwa sababu alishinda; lau angalishindwa kwa pointi baada ya raundi zote, kwa ufundi ule ule na ujasiri ule ule, tusingalijua hata kama alisafiri.

Katika nchi yetu hii ya Kilifi mambo yaliwahi kwenda kinyume na ada hiyo. Serikali ya Kiingereza ilimtuma kwa Wagiriama afisa aitwaye Arthur Champion, na jina hilo la ukoo kwa lugha yao maana yake ni bingwa, ili akusanye kodi na vijana wa kufanya kazi; mwaka 1913 akasimama mbele yake mjane Mekatilili wa Menza, akawaapisha watu wasimtii, akakamatwa, akapelekwa Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakatoroka, wakarudi. Leo sanamu ya Mekatilili imesimama mjini Malindi, si mbali na nguzo ya Vasco da Gama, na Bwana Champion hutajwa kwa sababu moja tu, kuwa ndiye aliyepambana naye.

Basi ombi langu kwa msomaji, akiwa Malindi au Takaungu, Mnarani au Vipingo, ni dogo. Ukimjua mzee aliyepata kupanda ulingoni jeshini, polisi au katika ukumbi wa mtaa, mwendee na daftari kabla ya msimu ujao. Usimwulize alimpiga nani. Mwulize nani alimpiga, wapi, mwaka gani, raundi ya ngapi, na mwenzake wa mazoezi alikuwa nani. Kisha uyaandike majina yote mawili, lake na la yule mwenza, kwa wino.